SOMO LETU: KODI YA HEWA YA UKAA, FEDHA ZIRUDI KWA NANI?

Ndugu wafanyakazi,

Kodi ya hewa ya ukaa hutozwa kwenye petroli, gesi na makaa ya mawe ili matumizi yapungue na hewa isizidi kuchafuka. Lakini nauli hupanda, na anayeumia kwanza ni mwenye mshahara mdogo. Je, haki iko wapi?

Tupige hesabu. Tuseme tajiri mwenye magari mawili analipa shilingi 90 za kodi hiyo. Kibarua apandaye basi analipa 10. Jumla ni 100. Serikali ikizigawa sawasawa, kila mmoja atapata 50. Kibarua amepata ziada ya 40. Tajiri amepungukiwa 40. Aliyechafua zaidi ndiye aliyelipa.

Kanada ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 2019. Karibu asilimia 90 ya fedha zilirudishwa kwa familia kwa kadiri ya idadi ya watu, si kwa mshahara. Waishio mbali na miji mikubwa waliongezewa. Hata hivyo, wananchi waliondolewa kodi hiyo tarehe 1 Aprili 2025, baada ya kupigwa vita kwa miaka mingi. Bei ya petroli kila mtu aliiona; marejesho yaliingia benki kimya kimya, na wengi hawakuyatambua.

Basi tujifunze: haki ya kwenye karatasi haitoshi, lazima mfanyakazi aione mkononi. Kodi kama hiyo ikiletwa kwetu, chama kiulize mapema: fedha zitarudi kwa nani, na lini? Na kibarua asiye na akaunti ya benki atafikiwaje?

Tujadiliane matawini.