Ngoma za jadi ni dawa ya moyo, mradi ujue kipimo chake

Ni lini mara ya mwisho ulipotoka jasho kwa kupenda? Mkazi wa Kisumu hupanda tuktuk asubuhi kutoka Nyalenda hadi katikati ya mji, akaketi kazini mchana kutwa, kisha akarudi nyumbani kwa bodaboda na kumalizia jioni mbele ya televisheni. Mwili wake haukupata kazi yoyote.

Maisha ya namna hii yana madhara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi. Wengi huutambua siku wanapopatwa na kiharusi, au moyo na figo zikiwa tayari zimeharibika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Wengi wakisikia neno mazoezi hufikiria kukimbia barabarani au kulipia ukumbi wa kunyanyua vyuma. Wanasahau kwamba hapa kando ya ziwa tuna mazoezi yasiyotozwa ada, nayo ni ngoma za jadi.

Mwili hufanya nini ngoma ikilia?

Chukua mfano wa ohangla. Mpigaji huwa na ngoma kadhaa za ukubwa mbalimbali, ambazo kwa desturi huwambwa kwa ngozi ya kenge, naye huzipiga kwa vijiti. Mdundo ni wa haraka, na mchezaji huujibu kwa mabega, kiuno na miguu kwa pamoja. Misuli mikubwa ya mapaja na makalio ikifanya kazi hivyo huhitaji oksijeni zaidi, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa kasi. Moyo unaozoezwa mara kwa mara huimarika, na misuli nayo hutumia sukari iliyo katika damu. Ndiyo maana mazoezi huwafaa wenye shinikizo la damu na wenye kisukari cha aina ya pili.

Dodo, ngoma ya wanawake wa Kiluo, humfaa anayeanza. Mmoja huimba na wengine hupokea huku wakicheza kwa mabega. Kaskazini mwa Kisumu, huko Kakamega, Waisukha na Waidakho wana isukuti, ambayo hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ina kasi na nguvu nyingi, hivyo usianze nayo siku ya kwanza.

Wimbo ndio kipimo

Huhitaji mashine ili kujua kama umefikia kiwango kinachofaa. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila pumzi kukatika, bado mazoezi ni mepesi. Ukiweza kuzungumza na jirani lakini kuimba kukakushinda, hicho ndicho kiwango cha wastani. Ukishindwa kutamka maneno machache bila kutweta, umeingia katika mazoezi mazito. Anayeanza apunguze.

Anza hivi:

1. Pimwa shinikizo la damu kwanza. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi, au ikiwa una ugonjwa wa moyo, mwone daktari kabla ya kuanza. Usiache dawa zako kwa sababu unacheza.

2. Anza na dakika 10 kwa siku, ukiongeza polepole hadi 30, siku tano kwa wiki. Mwanzo na mwisho, cheza taratibu.

3. Ukicheza juu ya saruji, vaa viatu vyenye soli laini, kwani sakafu ngumu huumiza magoti.

4. Epuka jua la mchana. Cheza asubuhi au jioni, na unywe maji. Pombe haichukui nafasi ya maji.

5. Mzee au mwenye magoti mabovu acheze akiwa ameketi. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda, njuga zikiwa mguuni, huku akigonga ala yake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu. Nawe waweza kutikisa mabega na kupiga miguu ukiwa kitini.

Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo ukipiga ovyo, acha mara moja na utafute matibabu.

Usisahau masikio

Siku hizi ohangla hupigwa kwa vipaza sauti, kumbini na hata matangani, mara nyingine usiku kucha. Sauti ya desibeli 85 inaweza kuvumilika kwa saa 8, lakini ikifika desibeli 100, dakika 15 zatosha kuhatarisha masikio. Chembechembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena. Kwa hivyo simama mbali na spika, toka nje upumzike mara kwa mara, na ukirudi nyumbani masikio yakiendelea kuvuma, jua umezidisha. Wapigaji wenyewe wavae vizibo vya masikio.

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Cheza, lakini kwa kiasi. Leo jioni redio ikipiga ohangla, inuka kitini. Kesho, kabla ya kuongeza mwendo, pitia kituo cha afya kilicho karibu ukapimwe shinikizo la damu.