Barabara ya mtaa: tumdai nani?

Swali: Hapa Bigwa, Morogoro, nyumba zinaongezeka kila mwaka, lakini mvua ikinyesha hata bodaboda haipiti. Tuwalilie TANROADS?

Jibu: Hapana. TANROADS wana barabara kuu na za mkoa. Za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Ila kabla ya lami, daini mitaro. Maji ya milima ya Uluguru hushuka kwa kasi, na lami isiyo na mtaro huliwa kingo kwanza, kisha katikati. Na watu wanaongezeka: Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866 mwaka 2012. Mwaka 2022 wakawa 471,409. Watu wakijenga kabla ya viwanja kupimwa, njia ya maji huzibwa na ukuta wa jirani (pengine wako). Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, aitishe mkutano. Muhtasari wake umfikie diwani.