Mgeni wa Siku Moja: Mafunzo Niliyopata Himo

Himo ni mji wa wapita njia chini ya Mlima Kilimanjaro. Mabasi ya Dar es Salaam yanaingia Njia Panda, malori yanashuka kutoka Holili, na Noah za Marangu na Mwika zinajaza abiria huku wapiga debe wakiita mpaka sauti zinawakauka. Nimekuwa nikilaza wageni hapa kwa miaka mingi, na walio wengi wana siku moja tu mkononi. Mmoja ameshuka mlimani jana na ndege yake ni kesho. Mwingine anavuka mpaka kwenda Taveta. Mwingine ni mtoto wa ukoo aliyezaliwa Dar, anataka kupaona kwao. Wote wana swali lile lile la abiria wa meli ya kitalii anayeteremshwa asubuhi katika bandari ya Karibi na kutakiwa awe melini kabla ya jua kuzama: niende wapi, niende na nani, na nilipe kiasi gani? Niliyojifunza katika kuwapangia ni haya.

1. Panga kuanzia saa ya kurudi

Wageni wengi huanza na orodha ya vivutio. Mimi huanza kwa kuuliza: kesho saa ngapi unatakiwa uwe wapi? Uwanja wa ndege wa KIA uko ng'ambo ya Moshi, zaidi ya kilomita 60 kutoka hapa, na katikati kuna foleni ya mjini na vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa ambavyo trafiki hawavifanyii mzaha. Anayevuka Holili naye akumbuke kwamba kituo hicho cha mpaka ni cha pamoja na Kenya. Shughuli inakwenda haraka kuliko zamani, lakini likitangulia basi zima mbele yako, utasubiri.

Kuachwa si hadithi: Machi 2024 abiria wanane wa meli ya kitalii ya Norwegian Dawn waliachwa São Tomé. Walikuwa wamekwenda matembezi na mwongozaji waliyemtafuta wenyewe, wakachelewa kurudi, meli ikang'oa nanga. Iliwabidi wazunguke nchi kadhaa za Afrika Magharibi mpaka kuipata tena Senegal. Ndiyo desturi ya meli za kitalii dunia nzima: safari iliyouzwa na meli yenyewe husubiriwa, uliyojitafutia haisubiriwi. Huku kwetu basi halikusubiri kwa vyovyote, awe amekupangia nani. Kwa hiyo nahesabu kinyumenyume: saa ya kuondoka, toa muda wa njia, toa saa nzima ya dharura, na kinachobaki ndicho chako cha kutembelea. Mara nyingi kinabaki kidogo kuliko mgeni alivyodhani. Ni afadhali ajue jioni ya leo kuliko mchana wa kesho akiwa porini.

2. Chagua upande mmoja wa mlima

Picha ya chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi tunaziita Chemka, imezunguka dunia nzima: maji ya buluu chini ya mikuyu, vijana wananing'inia kwenye kamba. Ni pazuri kweli. Lakini kutoka Himo unavuka Moshi yote, unafika Boma Ng'ombe, ndipo unaanza kula vumbi. Maporomoko ya Materuni nayo yako Uru, juu ya Moshi mjini. Aliyelala Moshi na aende huko kwa amani. Aliyelala Himo ana upande wake: Marangu, Mamba, Kilema, Mwika, na Ziwa Chala kule Rombo. Nimeona ratiba inayoweka Materuni asubuhi, Chemka mchana na Marangu jioni, na nimewaona waliouziwa ratiba hiyo wakirudi. Wanachokumbuka ni viti vya gari.

Kwa Marangu peke yake siku inajaa. Kuna maporomoko ya Kinukamori, ambako wanasimulia habari za Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitupa, akaghairi, alipogeuka akakutana na chui na kuanguka. Kuna mahandaki waliyochimba wazee kujificha na mifugo yao enzi za vita na Wamasai. Ukienda Mamba kuna wahunzi ambao bado wanafua chuma kwa mivukuto ya ngozi. Vyote hivyo viko juu ya barabara yetu hii hii.

3. Mlima hutazamwa alfajiri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi toka nje uangalie kaskazini. Kwa upande wetu Mawenzi, wenye mita 5,149, umesimama mbele na Kibo iko nyuma yake kushoto. Ikifika saa nne wingu limeshafunika. Anayepanga kuamka saa tatu ili "aone Kilimanjaro" ataonyeshwa ukungu, na Julai na Agosti huenda asione kitu kutwa nzima.

4. Maji yaulizwe kwa mwenyeji

Ziwa Chala ni shimo la volkano lililojaa maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka mlimani, na mpaka wa Tanzania na Kenya umelipasua katikati. Ukisimama ukingoni unatazama chini kabisa, kuta za mawe pande zote, na maji yanabadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Kwa macho yangu hakuna pazuri zaidi huku kwetu, na ndiyo sababu nalisemea kwa uzito. Mwaka 2002 msichana wa Uingereza aliyekuja Kenya kujitolea aliuawa na mamba akiogelea humo, upande wa Kenya. Utasikia vijana wakisema mamba walishakwisha. Mimi simpeleki mtu wangu kuogelea kwa neno la kijana anayengoja malipo. Chala tazama, teremka njia ya miguu kama magoti yanaruhusu, beba maji ya kunywa kwa sababu kupanda kurudi kunachosha kuliko kushuka, basi.

Na maporomoko ni vivyo hivyo. Mvua ikinyesha juu msituni, huku chini kunaweza kuwa kukavu kabisa, na mto ukaja umejaa bila taarifa. Machi hadi Mei uliza kwanza kwa mtu anayeishi karibu na mto huo. Na viatu viwe vya kushika. Ndala kwenye mawe yenye ukoga hazifai.

5. Bei ivunjwe vipande

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapoumia na wenyeji nao wanapoumia.

Mtu akikutajia bei moja ya mkupuo, mwambie kwa upole aivunje: gari kiasi gani, kiingilio cha kijiji kiasi gani, mwongozaji kiasi gani, chakula kimo au hakimo. Uliza kama ni bei ya kichwa au ya gari. Watu wanne wanaolipa kila mmoja bei ya gari zima hugundua jioni, na jioni hakuna wa kumrudia. Mwongozaji mzuri haudhiki ukiuliza. Anakaa chini na kalamu. Nimejifunza kumpima mtu kwa hilo kuliko kwa Kiingereza chake.

Upande wa pili ni bibi mwenye shamba la kahawa. Anaacha kazi zake, anakoka moto, anakaanga na kutwanga kahawa mbele ya wageni, anawaimbisha, na wakishaondoka anaachiwa noti ndogo kutoka kwenye malipo ambayo yeye hakuwahi kutajiwa. Watu wa mlima huu wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1925 babu zetu waliunda chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, na mwaka 1933 kikaja chama cha ushirika cha KNCU, ili mkulima auze kahawa yake kwa sauti yake mwenyewe. Haingii akilini kwamba vizazi vitatu baadaye kahawa ile ile, safari hii ikiwa kwenye kikombe cha mtalii, impite tena mwenye mti. Kwa hiyo mgeni wangu namwambia: sehemu ya mwenye shamba mpe mwenyewe mkononi, na mwongozaji ajue tangu asubuhi kwamba ndivyo itakavyokuwa.

6. Mandara ni kwa mwenye miguu na siku nzima

Kupanda kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo kunawezekana, na msitu wake ni wa ajabu: mbega wanarukaruka juu, moshi wa ukungu kwenye mizizi. Getini wamekumbukwa waliotangulia, akiwemo Hans Meyer aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Lakini ni hifadhi ya taifa. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kuliko cha mgeni wa nje, na getini hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo kadi au malipo ya namba ya kumbukumbu yaandaliwe mapema. Uwe getini asubuhi na mapema. Aliyetoka kileleni jana asiende. Miguu yake imemaliza kazi.

7. Kihamba kinatosha

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mwenye saa tatu au nne tu, au mwenye wazee na watoto, namuepusha na vivutio vyote na kumpeleka kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la ukoo, huko Kilema, parokia ya zamani ambako mapadri walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19.

Kuna siku nilikwenda na watoto wa ndugu yangu waliokulia Dar. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu wangu, karibuni, piteni ndani." Bibi mwenye kihamba hakuwaonyesha kitu chochote cha maonyesho. Ilikuwa zamu yake ya maji ya mfongo, mfereji wa pamoja. Akachukua jembe, akaondoa gamba la mgomba na tope lililoziba tundu upande wa shamba lake, akazibia la jirani kwa tope lile lile, akalikandamiza kwa kisigino. Maji yakageuka, yakapita chini ya migomba na mibuni mpaka kwenye magimbi. Mtoto mdogo akauliza nani anamzuia jirani asije kufungua. Bibi akamjibu: "Atafungua saa nane, ndiyo zamu yake." Utaratibu mzima wa maji, pamoja na mfongo, wazee wake na faini zake, ulifafanuliwa hapo bila hotuba. Kisha tukala mtori. Watoto wale hawakuulizia tena maporomoko.

8. Desemba ina sheria zake

Krismasi Wachagga wanarudi nyumbani, na barabara ya kupanda Marangu inajaa magari ya Dar. Nauli za Noah hubadilika, mafundi wa nyama choma hawashikiki, na dereva uliyemzoea anakuwa ameshakodiwa na ukoo mwingine. Gari la matembezi ya tarehe 24 hadi 26 weka oda mwanzoni mwa mwezi, lipa kianzio, uandikiwe. Kama unaweza kuchagua, nenda tarehe 27 au 28: watu bado wapo vijijini, pombe ya mbege bado ipo, na vivuko vya mito vinapitika bila kusukumana. Na anayerudi Dar baada ya hapo akate tiketi ya basi kabla hajapanda kwenda Marangu, siyo siku atakayoshuka.