Vipimo vya Njia ya Miguu

Wengi wetu twapita kando ya barabara kila tuendapo mjini, lakini ni wachache wajiulizao kama njia ile imejengwa kwa kipimo. Hata mimi sikujiuliza mpaka muhula huu. Siku moja nilikuwa nikimsukuma mwenzetu wa Kidato cha Pili, atumiaye kiti cha magurudumu, kwenda zahanati. Tulipofika mahali magari yaingiapo katika ua wa duka moja, njia ilishuka ghafula, kiti kikapinduka, naye akaumia mkono. Watu walisema nilikuwa na haraka. Sikatai, nilikuwa nayo kidogo, na jambo hilo lilinikosesha usingizi. Juma lililofuata niliomba ruhusa, nikaazima tepu na pimamaji, nikarudi pale kupima. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, upana. Kiti cha magurudumu huwa na upana wa sentimita 65 hadi 70 hivi, na mikono ya mwenye kiti hutaka nafasi zaidi. Kwa hiyo njia ya miguu yafaa iwe na meta 1.8, ili viti viwili vipishane. Hesabu ni ya nafasi iliyo wazi tu. Njia ya meta 2 ambayo nguzo ya umeme imeibakizia meta 1, ni njia ya meta 1.

Pili, mteremko. Kanuni ijulikanayo katika nchi nyingi ni 1 kwa 12, yaani kwa kila sentimita 1 ya kushuka, njia iende mbele sentimita 12. Mathalani ukingo wa barabara ukiwa na kimo cha sentimita 15, mteremko wake hautakiwi kuwa mfupi kuliko 15 × 12, yaani sentimita 180. Pale dukani nilikuta njia imeshuka sentimita 15 katika urefu wa sentimita 45 tu. Huo ni 1 kwa 3, mkali mara nne kuliko kanuni! Kadhalika njia hulazwa kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yatoke, lakini isizidi 1 kwa 50. Ikizidi, kiti huvutwa kuelekea barabarani.

Tatu, kiingilio cha magari. Hapa ndipo wengi hukosea. Wao huikata njia ya miguu na kuishusha ili gari lipite kwa raha. Ifaavyo ni kinyume chake: njia ya miguu iendelee ilivyo, na gari ndilo lipande. Mwenda kwa miguu hatajikwaa, na dereva atalazimika kupunguza mwendo.

Nne, njia ya baiskeli. Baiskeli huyumba, hasa iendapo polepole. Meta 2 kwa waendao upande mmoja humwezesha mtu kumpita mwenziwe. Ni vema itengwe na njia ya miguu, kama ilivyofanywa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Morogoro, katika ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016.

Tano, tusiwasahau wasioona. Mwaka 1965 Mjapani Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu, ambavyo mtu huvitambua kwa nyayo au fimbo. Vilitandazwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967, na leo vimeenea duniani.

Nilipomwonyesha mwenzetu hesabu zangu, alizisoma mara mbili, akasema, “Kaka, mbona mlango wa bwalo letu hujaupima?” Niliona haya. Kwa miaka minne nimeuruka mlango ule nikikimbilia ugali, wala sikuona kuwa yeye hungoja mtu wa kumwinua. Tuliupima pamoja: kizingiti ni sentimita 10, basi mteremko wataka sentimita 120. Mwalimu ametupatia saruji mfuko mmoja, na kokoto tumeokota wenyewe. Kabla ya mtihani wetu wa mwisho, sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumeumaliza.

Ndugu wasomaji, pimeni na ninyi milango ya kwenu. Tepu haina upendeleo.