Leica M9 ya Hamburg na mabati ya nyumba

*Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Tanga, mwaka wa tisa sasa. Nina Nikon D750 mbili, lenzi ya 24-70, ya 85 na ya 70-200. Kazi ipo, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Kila Jumamosi ni yale yale: maharusi waingie, keki ikatwe, wazazi wapangwe mstari, nirudi nyumbani na picha elfu mbili ambazo sina hata hamu ya kuzifungua. Tangu chuoni natamani Leica. Mpiga picha Cartier-Bresson alijulikana kwa Leica na lenzi moja. Sasa binamu yangu aliyeko Hamburg ameniona M9 nyeusi, imetumiwa na mtu mmoja tu, euro 2,200 bila lenzi. Nimepiga hesabu, ni zaidi ya milioni sita. Nikiuza D750 moja na ile 70-200, nikaongezea fedha tulizoweka kwa ajili ya mabati, inafika. Mke wangu kaniuliza swali moja: kamera isiyoweza kuseti fokasi yenyewe, kwa bei ya mabati? Sikuwa na jibu. Mwenye kamera anataka kusikia kabla ya mwisho wa mwezi. Wiki ya pili hii silali vizuri. Ninunue?*

*Mwenye Kiu, Tanga*

Ndugu yangu, kwa kuwa mwezi unakatika, naanza na jibu: hiyo M9 usiinunue, angalau si kwa fedha hizo. Sikukatazi Leica. Ninachokukataza ni kuuza bodi yako ya akiba na kugusa mabati ili upate kamera ya toleo la 2009 ambayo hujaishika mkononi wala hujui hali ya kihisi chake.

Swali la shemeji yangu ni zuri kuliko ulivyolipokea, kwa hiyo tulijibu kwanza.

Ukiwa na D750 unatazama kupitia lenzi yenyewe. Kioo kilicho ndani kinapandisha picha hadi jichoni, na ukibonyeza kioo hicho kinaruka. Kwa kitambo kifupi huoni kitu. M9 ni renjifainda, na renjifainda haina kioo hicho. Unachungulia kwenye dirisha lililo kando na juu ya lenzi, na katikati yake kuna kiraka kidogo ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Ile picha ya pili inaingia kupitia kidirisha kingine cha mbele ya kamera. Ukizungusha pete ya lenzi, picha ya pili inasogea. Zikilaliana sawasawa, fokasi imekaa. Hakuna mota wala mlio. Mistari myeupe dirishani inakuonyesha mpaka wa picha, na uzuri wake wote uko hapo: unaona pia kilicho nje ya mistari, mtoto anayekuja mbio kabla hajaingia kwenye fremu, na wakati wa kubonyeza hufunikwi macho. Kwa mtu anayetembea mjini na lenzi moja akipiga watu na maisha yao, sijapata kifaa kinachostarehesha zaidi.

Harusini mambo ni mengine. Lenzi nyingi za aina hii hazikaribii zaidi ya sentimita 70, kwa hiyo ile picha ya pete juu ya kiganja chenye hina, ambayo mama wa bibi harusi ataiulizia kabla ya zote, huipati. Mistari ya dirishani inaishia kwenye lenzi ya milimita 135, na hata hiyo ni kipimo cha kukodolea macho. Ukitaka kumnasa bwana harusi akilia ukiwa mwisho wa ukumbi, 70-200 uliyoiuza ndiyo ingekufaa. Na M9 usiku ni nzito. ISO yake inakomea 2500, na mimi nisingependa kuivusha 800 kwa kazi ya kulipwa. D750 yako inakwenda hadi 12800 na ina nafasi mbili za memori kadi. M9 ina moja. Kadi hiyo ikiharibika baada ya ndoa kufungwa, utamwambia nini baba wa binti?

Kwa hiyo mjibu mkeo kwamba kutokuwa na otofokasi si kasoro ya kamera hiyo, ndivyo ilivyokusudiwa iwe. Kisha umwambie kwamba kwa kazi inayowalisha, yeye yuko sahihi.

Sasa M9 yenyewe. Leica waliitoa Septemba 2009, na ilikuwa renjifainda ya kwanza ya kidijitali yenye kihisi kikubwa sawa na fremu ya filamu ya milimita 35. Kihisi ni kile kipande kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu. Cha M9 kilitengenezwa na Kodak, kina megapikseli 18. Lenzi za mfumo huu, ambao bayoneti yake haijabadilika tangu Leica M3 ya 1954, hukaa karibu sana na kihisi, na mwanga unaokwenda pembeni unaingia kwa mshazari mkali. Kioo kinachofunika kihisi kikiwa kinene, pembe za picha zinaharibika. Wahandisi wakalazimika kutumia kioo chembamba cha aina maalumu kinachozuia miale ya infraredi. Kioo hicho adui yake ni unyevu. Miaka ikapita, kikaanza kuliwa taratibu, na picha zikaanza kutoka na madoa.

Leica walilikubali tatizo hilo hadharani na kwa muda wakawa wanabadilisha vihisi bure. Mwaka 2017 wakaubana mpango huo, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba vihisi vya kubadilishia vya M9 vimekwisha. Wapo mafundi binafsi nje wanaobadilisha kioo peke yake, lakini hiyo ni gharama, ni hatari, na kwako ni safari ya kifurushi kwenda na kurudi. Wewe unaishi Tanga, mji ambamo kitambaa kinapata harufu ya ukungu kabatini. Ukiniambia kuna M9 yenye kioo cha zamani inakuja kuishi ufukweni mwa Bahari ya Hindi, nitakuambia imeanza kuhesabu siku.

Ndiyo maana bei ya M9 haina maana mpaka ujue kitu kimoja: kihisi kilishabadilishwa kuwa cha toleo jipya, na ipo karatasi ya Leica inayosema hivyo? Maneno ya muuzaji kwamba "haijawahi kusumbua" si karatasi. "Mtumiaji mmoja" nayo haikusaidii, maana kioo kinaliwa hata kamera ikiwa imelala kabatini kwa mwenye nayo.

Kama binamu yako bado anataka kwenda kuitazama, afanye hivi. Aweke lenzi yoyote kwenye f/16, aielekeze kamera kwenye anga tupu au ukuta mweupe, avuruge fokasi makusudi, apige, kisha akutumie faili lenyewe kwa barua pepe. Asikutumie picha ya WhatsApp, inabana na kuficha yote tunayoyatafuta. Wewe likuze hadi asilimia 100. Vumbi litaonekana kama doa jeusi na litaondoka kihisi kikisafishwa. Kioo kilichoanza kuliwa huonyesha doa lenye duara jeupe kulizunguka, na hilo halisafishiki. Halafu achungulie dirishani akilenga jengo la mbali kabisa, mnara wa kanisa kwa mfano, pete ya lenzi ikiwa mwisho wa umbali: picha mbili zilaliane. Zisipolaliana, utaratibu wa kupimia umbali umesogea, pengine kamera ilianguka au kugongwa. Kurekebisha kunawezekana, ila kunataka fundi anayeijua kazi hiyo, na mimi simjui hata mmoja hapo Tanga.

Labda utashawishika na iliyo rahisi zaidi, M8 ya 2006. Achana nayo kwa sababu moja inayokuhusu wewe kuliko mpiga picha wa Berlin. Kwa sababu ile ile ya kioo chembamba, kihisi cha M8 kinapokea infraredi nyingi mno, na nguo nyeusi za nyuzi za viwandani zinatoka rangi ya zambarau. Leica walilazimika kuwagawia wanunuzi filta za kufunga mbele ya lenzi. Fikiria ukumbi wenye akina mama arobaini waliovaa mabuibui, wote wametoka kama biringanya!

Kama moyo haujatulia, ya kuitafuta ni Leica M Typ 240, iliyotangazwa 2012. Ina megapikseli 24, kihisi chake ni cha aina nyingine na hakina ugonjwa huo, imezibwa dhidi ya matone ya mvua na vumbi, inapiga video, na ukitaka unaweza kuona picha kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Ni nene kidogo na nzito kidogo. Katika soko la zilizotumika, bei yake mara nyingi haiko mbali na ya M9, kwa sababu wapo watu wanaoapa kwamba rangi za kihisi cha zamani cha M9, cha aina iitwayo CCD, hazina mfano. Nimeona picha hizo. Rangi ni nzuri, ngozi inatoka vizuri kwenye jua la asubuhi. Lakini uzuri huo hautoshi kunifanya nilipie kioo kinachooza. M10 ya 2017 ni bora zaidi, nyembamba kama Leica za filamu, ila bei yake ni ya mtu aliyekwisha kuezeka.

Usisahau pia kwamba milioni sita zako zinanunua bodi tupu. Lenzi ya Leica yenyewe, hata iliyotumika, ni deni jingine. Hapo ningekuelekeza kwenye Voigtländer zinazotengenezwa na Cosina wa Japani, au hata TTArtisan za China, zinazoingia kwenye bayoneti ile ile kwa fedha kidogo sana ukilinganisha.

Nirudi kwa Cartier-Bresson, maana umemtaja kama shahidi wako. Leica yake ya kwanza aliinunua Marseille mwaka 1932. Lakini kilichomwasha kabla ya hapo ni picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, ya wavulana watatu wakikimbilia majini, picha ambayo kwa miaka mingi imeitwa kwa jina la Ziwa Tanganyika. Alivutwa na picha, kamera ikafuata. Na ni kweli alipenda lenzi moja ya milimita 50, lakini hakudaiwa albamu yenye mashangazi wote wa upande wa mume.

Nadhani wewe umechoka na harusi, ukakosa mtu wa kumwambia, ukamwambia binamu akutafutie kamera. Hilo silicheki. Miaka tisa ya kila Jumamosi inachosha mwili na macho. Ila uchovu huo unaweza kuupima bila kutoa milioni sita. Tafuta lenzi ya Nikon ya 50 f/1.8, haiumizi mfuko. Ifunge kwenye D750 moja, zima otofokasi, funika skrini kwa kipande cha plasta, uende Jumatatu asubuhi kwenye barabara za namba za Ngamiani, mtu asikulipe. Fanya hivyo kwa miezi miwili mitatu. Kama utajikuta unaamka kabla ya jua kwa ajili ya Jumatatu hiyo, kiu yako ni ya kweli na Leica itakufaa siku ikifika. Kama begi litabaki nyuma ya mlango, umeokoa mabati.

Ukitaka kuonja renjifainda hasa, mwambie binamu akutafutie Zorki au FED, kamera za filamu za Kisovyeti zilizoigwa kutoka Leica za kabla ya vita. Ujerumani zinauzwa kwa bei ya viatu. Hata bila kuweka filamu, ukichungulia kile kiraka na kuzungusha pete utajua ndani ya jioni moja kama jicho lako linakipenda au kinakuudhi. Ukivaa miwani, jaribio hili ni la lazima, maana wengi wa miwani hawaioni mistari ya pembeni ya lenzi pana.

Fedha tuzipange hivi. Bodi ya pili haiuzwi. Siku ya kwanza ikigoma katikati ya nikahi, hiyo ya pili ndiyo jina lako mjini. Lenzi ya 70-200 ibaki. Mabati yanunuliwe kama mlivyokubaliana, tena haraka, kabla mwenye M9 hajashusha bei na kukutia majaribuni upya. Kisha fungua mfuko wa pembeni ambao mkeo anaujua, na kila kazi iliyozidi bajeti ya mwezi itumbukize asilimia mliyoelewana humo. Mwambie ni wa kamera ya kupigia unachotaka wewe. Mke aliyeuliza swali moja badala ya kupiga kelele ana nafasi ya kukuelewa.

Na mwenye kamera mjibu leo, usimpotezee muda: huchukui bila karatasi ya Leica ya kubadilishwa kihisi na bila faili la f/16. Akisema kuna mteja mwingine anasubiri, mwache amuuzie huyo. Katika nchi iliyoitengeneza, M9 nyeusi haitakuwa ya mwisho kuuzwa. Akikutumia vyote viwili, nitumie faili nami nilitazame, ingawa hata likiwa safi bado nitakuuliza kwanza kama nyumba imeezekwa.