Jeshi jipya, mkono uleule

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, na huku nimenogewa na mchezo wa Warhammer 40,000. Jeshi langu la kwanza lilikuwa la Space Marines, askari wa deraya ya bluu, na kila anayewaona huwasifu. Sasa nimenunua Tyranids, viumbe wanaofanana na wadudu. Kumi wa kwanza nimewapaka kama nilivyozoea: rangi moja iliyolala vizuri, kisha mstari mwembamba wa rangi angavu kwenye kila ukingo. Wametoka kama midoli ya dukani, na kila mmoja amenila jioni nzima. Ninayecheza naye anasema nitumie rangi za Contrast nimalize upesi. Mimi naona huko ni kuutupa mtindo wangu. Nifanyeje?
Mwenye Brashi

Mwanangu, wako wasomaji watakaoshangaa mtu mzima kuhangaikia vijisanamu vya plastiki vya kimo cha kidole. Niwakumbushe tu kwamba H. G. Wells alitoa kitabu kizima cha kanuni za vita vya sakafuni, Little Wars, mwaka 1913, naye alikuwa mtu mzima vilevile. Mchezo wako ulianza kuuzwa mwaka 1987 na Games Workshop, kampuni ambayo leo makao yake yako Nottingham, si mbali na kwako. Wachezaji huwapaka rangi askari wao wenyewe, na hapo ndipo ulipokwama.

Mtindo unaoogopa kuupoteza hukuubuni peke yako. Nusu yake ilibuniwa na umbo la Space Marine. Deraya yake ni mabamba mapana, laini, yenye kingo kali, na mwanga ukiangukia bamba la chuma, pembeni ndiko kunakomemeta kwanza. Ukipitisha mstari angavu pale, jicho linasadiki. Sasa mshike Termagant mmoja katika hao Tyranids, umgeuze mkononi. Kingo za kweli utazikuta kwenye gamba la mgongoni na kwenye kucha. Kwingine ni misuli, mbavu, mikunjo na matundu. Mstari wako ukifika hapo hauna pa kukaa. Unakuwa mchirizi uliochorwa juu ya nyama, jicho linaukataa, na kinachobaki kuonekana ni plastiki. Mkono wako ni mzima kabisa, ila umeupa kazi ambayo umbo hili halina.

Rangi yenyewe inathibitisha hayo. Rangi iliyozimuliwa hukimbilia mabondeni na kuacha vilele vikiwa vyepesi. Contrast, zilizoingia sokoni mwaka 2019, zilitengenezwa ili kuifaidi tabia hiyo: unapaka mkono mmoja juu ya rangi ya msingi iliyo nyeupe au ya mfupa, nayo inatia kivuli kwenye mifereji na kuyaacha maungo yaliyoinuka yakiwa angavu. Paka rangi hiyohiyo kwenye bamba la bega la Space Marine uone. Haina mfereji wa kukimbilia, basi inatuama katikati na kukauka kwa mabaka na pete. Brashi kavu nayo, ile iliyofutwa kitambaani hadi ikabaki na rangi kidogo tu, hushika vilima: kwenye mbavu za mnyama hufanya kazi nzuri sana, kwenye bamba tambarare huacha vumbi na mikwaruzo. Kilichokuwa uchafu kwenye jeshi la kwanza ndicho kinacholifaa la pili. Kwa hiyo mwenzako amepatia, ingawa sababu yake ya kutaka umalize upesi hainitoshi.

Utasema basi mtindo wako umekwenda. Sioni hivyo. Tazama mitindo miwili ya dunia hiyohiyo ya Warhammer. Kikosi cha kampuni kinachoitwa 'Eavy Metal hupaka kwa usafi, rangi kali na kingo zilizochongoka, kama ulivyojifunza wewe. John Blanche, ambaye michoro yake iliupa mchezo huu sura kwa miaka mingi, ni wa kahawia, nyekundu na masizi. Umpe kasisi au dude lenye pembe, bado utajua ni kazi yake, kwa sababu hakutegemea hatua fulani za brashi. Aliamua rangi zipi anazikubali, giza liende mbali kiasi gani, na usafi uishie wapi. Maamuzi ya namna hiyo unayo nawe. Shikilia mwanga utokao juu, rangi chache, na ile bluu yako, hata ikiwa kwenye ulimi na kucha tu. Vitako vya majeshi yote mawili vipe udongo wa rangi moja, na kabati lako halitakuwa na ugomvi.

Lipo pingamizi zito zaidi, kwamba njia ya mkato ni kudanganya. Lakini mnadanganya nani? Termagants hukusanywa kumi kumi, nao huonekana kutoka ng'ambo ya meza yenye upana wa sentimita zaidi ya mia. Kwa umbali huo tofauti ya giza na mwanga inasomeka kabla ya mstari wowote. Kanuni za mchezo humpa aliyelipaka rangi jeshi lake lote pointi 10 kati ya 100, wala haziulizi amelipaka kwa njia gani. Mashindano ya Golden Demon, yaliyoanza 1987, ni habari nyingine, kwani pale majaji huchungulia sanamu kwa karibu. Jioni zako ndefu mwekee Hive Tyrant, jitu lenye magamba mapana ambako ule mstari wa zamani una kazi tele. Anayekula jioni nzima kwa kila mdudu mdogo mara nyingi hulala na nusu ya jeshi ndani ya maboksi, na hilo ndilo ningelionea haya zaidi.

Hao kumi usiwaoshe. Zimua kahawia iliyokoza, upake kwenye nyama peke yake, gamba uliache kama lilivyo. Ikikauka, pitisha brashi kavu yenye rangi ya mfupa juu ya mbavu na misuli. Fanya kwa mmoja kwanza, mweke mwisho wa meza, umtazame ukiwa umesimama upande wako. Akiendelea kufanana na mdoli, ongeza giza kwenye mifereji kabla ya kuongeza mwanga popote.