Fitri ya asiye na jiko

Kila likiingia kumi la mwisho la Ramadhani tunahimizwa misikitini kutoa Zakatul Fitri: pishi moja ya chakula kikuu cha watu wa mji kwa kila kichwa, ambayo wengi wetu tunaikadiria kuwa kilo mbili na nusu za mchele. Tunapima, tunafunga mifuko, tunagawa. Lakini je, huyu anayepokea mchele ataupikia wapi?

Idd el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, katikati ya mvua kubwa. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini, na walioathirika ni zaidi ya 200,000. Bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa na mafuriko. Mtu aliyekimbia maji usiku na watoto mgongoni hakubeba mafiga wala sufuria. Ukimpa mchele mkavu atauuza dukani kwa bei ya hasara, anunue maandazi.

Wala usiseme Kilombero ni ghala la mpunga, watu wa huko hawakosi wali. Wakati wa masika mpunga bado uko shambani, na mkulima mwenyewe huwa ananunua. Chukua Sanje, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, baada ya Kidatu na kabla ya Mang'ula. Kule miwa ndiyo kazi, na mvua kubwa husimamisha ukataji. Kibarua aliyetoka mkoa mwingine, asiye na shamba wala ndugu, akishindwa kodi ya chumba anabaki barazani. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, Idd zetu za karibuni zinaangukia Machi, masika yanapoanza.

Sasa wapo wanaosema: basi tupike pilau, tuhesabu kuwa ndiyo Fitri yetu. Hapana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, Fitri ni nafaka inayokabidhiwa maskini ikawa mali yake. Wanazuoni wa Hanafi wanaruhusu kutoa thamani yake kwa fedha. Sahani ya pilau ni sadaka njema, lakini haiondoi faradhi hiyo shingoni mwako.

Njia ipo, nayo si ngumu. Mkabidhi mchele wake siku mbili kabla ya Idd. Akishaupokea, muulize kama angependa upikiwe pamoja na wa wenzake, na akitaka kuuweka, auweke. Kinachokosekana hapo ni kuni, mafuta, nyama, sufuria kubwa na watu wa kukesha jikoni, na hayo ndiyo ya kujitolea. Vijana wanaotoka Dar es Salaam na Morogoro kwenda Sanje au Ifakara kula Idd kwa wazazi wao wangeweza kuibeba kazi hii kwa usiku mmoja.

Chungu cha sadaka kisiulize dini ya mtu. Katika Suratul Insan Mwenyezi Mungu anawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka bila kutaka malipo wala shukrani, na mateka wa zama zile wengi wao hawakuwa Waislamu. Bila kutaka shukrani! Sisi tunataka na picha, mzee wa watu ameshikishwa mfuko mbele ya kamera, kofia imemkaa upande.

Nguo nazo zina wakati wake. Kanzu inayotolewa saa nne asubuhi, swala imekwisha, imemkuta mtu alishajificha nyuma ya msikiti kwa aibu ya matambara yake. Itolewe mapema, iwe ya kumtosha. Mtumba safi uliopigwa pasi hauna ubaya. Pia kuoga kabla ya swala ya Idd ni sunna, na asiye na nyumba hana bafu. Usiku ule mabafu ya msikiti yaachwe wazi, kuwe na ndoo na sabuni, na wanawake watengewe mahali pao penye mlango unaofungika kwa ndani.